Mnara Hauzwi

Tulimwacha Kipaza mdomo wazi, na mtangazaji akiwa mdomo wazi halafu hakitoki kitu, basi ujue kuna jambo.

Mlango wa studio ulikuwa umefunguka. Aliyekuwa anaingia aliinama kwanza, akapitisha kichwa, akapitisha bega, akalifuatisha bega la pili, halafu aliposimama wima taa ya darini ikaanza kuyumba.

Alikuwa Mnara mwenyewe.

Wewe uliyefungia sabuni gazeti la wiki jana, nikukumbushe upesi upesi. Kipaza ndiye mwenye kipindi cha michezo cha mchana, kile ambacho mafundi magari wanakisikiliza wakiwa chini ya magari, na wake zao wanakisikiliza ili wajue waume watarudi nyumbani na sura gani. Mnara ndiye senta wa Ngurumo, timu yetu ya mpira wa kikapu, mtu anayebadilisha balbu bila kupanda kitu. Mji mzima unabishana juu ya uvumi kwamba Ngurumo wanamtoa Mnara kwa Mwewe, mahasimu wetu wa kule mlimani kwenye baridi, na badala yake wanapewa vijana wawili wepesi wa kuchezesha mpira.

Aliyeuwasha uvumi huo ni Kipaza. Na Refa, mbishani wake wa kila siku humo studioni, alipomwita mwongo mbele ya wasikilizaji, Kipaza alipandwa na hasira akaapa hewani: Mnara asipokwenda Mwewe, yeye anamwachia Refa kiti, anarudi kusoma matangazo ya vifo, alikoanzia kazi.

Kiapo hakijapoa mdomoni, mwenye jina huyu hapa.

"Habari za mchana," Mnara alisema.

Sauti ilikuwa nzito kiasi kwamba fundi mitambo, aliyekaa nyuma ya kioo, alirukia vitufe vyake kuipunguza.

"Salama," Kipaza alijibu. Neno moja tu. Wasikilizaji wake wa siku nyingi walijua hapo hapo kwamba mambo yameharibika.

Mnara alivuta kiti cha mgeni, akakiangalia, akakirudisha kilipokuwa. Alikalia pembe ya meza. Meza ililalamika kidogo ikanyamaza.

"Endelea tu, dada," alisema. "Ulikuwa umefika kwenye magoti."

Refa aligeukia ukutani kuficha kicheko. Huyu ni mwamuzi mstaafu, alishastaafu zamani, lakini filimbi haijamtoka shingoni. Anaivaa sokoni, anaivaa msibani, na ndani ya studio anaivaa makusudi kabisa.

"Magoti?" Kipaza aliuliza. "Magoti ya nani?"

"Yangu. Nilikuwa nakusikia nikiwa njiani. Umesema yanalia kama bawaba za geti. Umesema aliyekaa viti vya mbele anayasikia."

"Nilisema kwa upendo."

"Halafu ukasema klabu wanitoe ningali natoleka."

"Hilo," Kipaza alisema, "nililisema kwa upendo zaidi."

Refa akapuliza filimbi. Fundi mitambo akashika masikio yote mawili.

"Faulo!" Refa alisema. "Wasikilizaji, leo kumepambazuka! Binti ameapa, na shahidi amekuja mwenyewe bila kuitwa. Mnara, mwanangu, waambie watu. Unakwenda Mwewe au huendi?"

Mnara alijikuna kidevu. Mji mzima, naamini, ulijikuna naye.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Ndiyo maana nimekuja. Mwenyekiti nikimuuliza ananiambia nisisikilize redio. Kocha nikimuuliza ananiambia nisisikilize redio. Hata yule anayefua jezi zetu ananiambia kaka, wewe usisikilize redio. Nikaona hapana, hii redio lazima ina kitu. Nimekuja kuisikilizia humu humu ndani."

Kipaza akajikuta anacheka. Halafu akakumbuka kwamba anayecheka naye ndiye yule aliyekuwa anamtangazia mnada wiki nzima, na kicheko kikamkwama.

"Chukueni simu za watu," Mnara alisema. "Mjadala uendelee ule ule. Nichukulieni kama sipo."

Kumchukulia Mnara kama hayupo ni sawa na kulichukulia kabati kama halipo huku limekuangukia. Lakini mgeni ni mgeni. Fundi mitambo akaunganisha simu.

Wa kwanza alikuwa fundi friji, mpigaji wa kila siku, yule ambaye jana alisema Mnara atolewe hata kwa wale vijana wawili wakiwa wagonjwa.

"Fundi, karibu," Kipaza alisema. "Msimamo wako wa jana bado uko pale pale?"

"Msimamo gani, dada?"

"Ule wa kwamba Mnara ni mzee, anarudi kukaba kama mtu anayerudi kutoka shambani."

Friji la mtu lilisikika likinguruma huko nyuma.

"Mimi nilikuwa nazungumzia Mnara mwingine," fundi friji alisema, akakata simu.

Wa pili alisifu mpaka akapitiliza, akasema Mnara ajengewe sanamu, na sanamu lenyewe lisiuzwe. Wa tatu alitaka kumsalimia shemeji yake. Refa alizidi kunawiri kitini. Kila aliyepiga alikuwa amegeuka, na kila aliyegeuka alikuwa amekwenda upande wake.

"Mnaona?" alisema. "Mimi tangu mwanzo nimesema. Unamtoa mtu anayedaka ribaundi zote, unaleta vitoto viwili vinavyokimbia kimbia, mpira ukigonga chuma ataudaka nani? Wewe Kipaza?"

"Mzee, vile vitoto vina kasi," Kipaza alijibu, maana ubishi ulikuwa kwenye damu na hata aibu haikuweza kuuzuia. "Ngurumo tunacheza kama tunahamisha makochi. Tunapeleka mpira kwa Mnara, tunasimama, tunamtazama. Siku Mnara akiumwa mafua, timu nzima inaumwa mafua."

"Kwa hiyo dawa ya mafua ni kukata pua?"

Mnara alicheka, meza ikatikisika. Na hapo ndipo ikaja simu ya mama mmoja muuza mboga, ambaye hakuwa na habari na adabu za studio.

"Yupo kweli huyo Mnara?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Mitupo huru unarusha kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Huangalii hata yanaangukia wapi. Nimekuvumilia miaka yote hii. Mume wangu aliwahi kupiga teke redio kwa sababu yako."

"Pole, mama."

"Sijamaliza. Mbovu hivyo hivyo, usiende. Kule mlimani hawakujui. Ukikosa watakuzomea. Sisi tukikuzomea tunakuwa tunajua tunamzomea nani."

Simu ikakatika. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Mnara alitazama chini.

"Nyumbani nina mama yangu mzee," alisema taratibu. "Tangu uvumi uanze, akiamka anafunga vyombo kwenye magazeti. Akinisikia nacheka anavifungua. Akiniona nimenuna anavifunga tena. Jana nimekunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Dada, mimi sikugombezi. Nataka tu kujua. Nani amekwambia?"

Sasa hapo, msomaji, ndipo palipokuwa na moto.

Maana aliyemwambia hakuwa mtu. Ilikuwa ni shati.

Mama yake Kipaza ni fundi cherehani. Ngurumo wanashona kwake, na Mwewe nao wanashona kwake, tangu zamani, kwa sababu moja tu: mama yule hasemi. Wateja wake wanaweza kuwa wanarushiana viti uwanjani, lakini jezi zao zinalala kwenye rafu moja na hakuna anayejua ya mwenzake. Siku Kipaza alipokwenda kumsalimia, akaikuta jezi ya Mwewe mezani imetandazwa, mabega yamevuka meza huku na huku. Haikuhitaji akili nyingi. Duniani anayeenewa na shati lile ni mmoja.

"Hukuona kitu," mama yake alimwambia, akaikunja.

"Sikuona kitu, mama," Kipaza alijibu.

Kesho yake mchana akamwambia mji mzima.

Shati hakulitaja, hilo tumpe. Alisema "vyanzo vyetu vya uhakika". Lakini sasa akitaja chanzo, mama anapoteza klabu zote mbili kwa mpigo mmoja. Asipotaja, yeye anapoteza kiti. Na kiti kile alikipigania. Alisoma vifo mpaka watu wakawa wakimwona barabarani wanavuka upande wa pili.

"Tusikilize muziki kidogo," Kipaza alisema, na fundi mitambo akaweka wimbo. Taa nyekundu ikazimika.

Meneja wa redio akaingia kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Alikuwa na simu mkononi, ameishika mbali na mwili.

"Mwenyekiti wa Ngurumo," alisema. "Anasema ama tuseme chanzo, ama tukanushe na tuombe radhi leo leo. Tusipofanya hivyo, haturuhusiwi kutangaza mechi zao tena. Kipaza, wimbo ukiisha, mtaje mtu wako."

"Chanzo hakitajwi, bosi. Hiyo ndiyo kazi."

"Basi kiapo ni kiapo. Refa anakaa."

Refa alikuwa ameshaanza kupima urefu wa kile kiti kwa macho.

Kipaza alifikiria kumpigia mumewe. Halafu akajicheka. Baba watoto ndiye mkandaji wa Ngurumo, anakanda misuli ya timu nzima, na mchezaji akiwa amelala kifudifudi huku anakandwa husema yote yaliyomo moyoni. Mtu huyo anajua siri za klabu kuliko mwenyekiti. Lakini kumtoa neno ni afadhali kukamua jiwe. Wiki nzima Kipaza alimuuliza juu ya Mnara, kwa ukali na kwa mahaba, na wiki nzima jibu lilikuwa moja: "Mama watoto, mimi najua mafuta ya kukandia tu. Acha kutangaza uongo."

Asubuhi hii tu alimkuta chumbani anakunja sweta la mtoto, la sufu nzito, jipya, huku jasho linamtiririka shingoni kwa joto la mji huu. Akamuuliza la nini. Akasema amelipata kwa bei ya kutupa. Wanaume na vitu vya bei ya kutupa! Kipaza alicheka akaenda kazini.

Wimbo ulikuwa umefika kwenye kiitikio mlango ulipofunguliwa tena. Safari hii aliyeingia hakuhitaji kuinama. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye futi ya kupimia shingoni na furushi kwapani, na alikuwa anahema.

"Umenitaja?"

"Mama!"

"Nimekuuliza, umenitaja?"

"Bado."

"Bado!" Mama alitua furushi mezani. "Huyu mtoto anasema bado! Nimekimbia kutoka kwenye cherehani, redio inasema nani amekwambia, nani amekwambia, mara muziki. Nikajua tayari, nimeshauzwa na niliyemzaa."

Ndipo akageuka, akakutana na kifua cha Mnara. Akapandisha macho. Akaendelea kuyapandisha.

"Shikamoo, mama," Mnara alisema.

Ile shikamoo ndiyo iliyomvunja. Kama Mnara angefoka, mama angefoka mara mbili yake. Lakini jitu zima limeinamisha kichwa, limesalimia kwa heshima, na mama akakosa pa kufokea.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umeshakaa? Haya. Mimi sijawahi kusema ya mteja tangu nishike sindano, na leo nasema kwa sababu ya huyu mwanangu asiyefunga mdomo hata akilala. Sikiliza. Hakuna anayekuchukua."

"Hakuna?"

"Hakuna. Aliona shati. Hili hapa."

Alifungua furushi. Jezi ya Mwewe ikamwagika mezani, ikaendelea kumwagika, jina la Mnara mgongoni kwa herufi kama milango. Meneja akapiga mluzi. Kipaza akasimama.

"Si nilisema! Bosi, tazama mwenyewe! Hilo shati ni la nani kama si lake?"

"La mwanasesere," mama alisema.

Kipaza alilitazama shati, halafu akamtazama mama yake.

"La nani?"

"Mwanasesere! Yale madude ya plastiki wanayapulizia hewa kwa feni, yanarusha rusha mikono. Mwewe wameliweka mlangoni pa ukumbi wao. Mechi ijayo mkienda kucheza kwao, wanataka livae jina lako, ili kila shabiki anayeingia alizabe kibao. Wameniambia wenyewe, wanacheka. Ndiyo maana nilisema hukuona kitu!"

Mnara alilitazama shati lile kwa huzuni.

"Wanizabe kibao?"

"Si wewe, mwanangu. Plastiki."

Filimbi ya Refa ililia mpaka wimbo haukusikika. Alicheka akashika mbavu, akashika meza, akamshika meneja. "Mwanasesere! Vyanzo vya uhakika! Mji mzima haulali, ndoa zinatikisika, kumbe ni dude la feni!"

Kipaza alikaa chini. Aibu ilimpanda kutoka miguuni ikafika masikioni na haikuwa na haraka ya kushuka. Hakuumia kwa sababu ya Refa. Aliumia kwa sababu alikuwa amemtia mama wa watu wasiwasi mpaka akafunga vikombe kwenye magazeti, na hakuwa na chochote. Shati tu.

Meneja alinyoosha mkono. Kipaza akavua hedifoni, akampa. Refa akazunguka meza, akakaa kwenye kile kiti, akakizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Fundi mitambo nyuma ya kioo alitazama pembeni, kwa adabu.

"Nisamehe," Kipaza alimwambia Mnara.

"Yameisha, dada," Mnara alisema, na uso wake kweli ulikuwa umefunguka. "Naenda kumwambia mama afungue vyombo."

"Basi na mimi niende," mama alisema, akirudisha shati kwenye furushi. "Nimeacha mashine wazi, na hawa Mwewe wanazitaka leo kaptula za kwenda na shati hili."

Mnara alikuwa ameshashika kitasa.

"Kaptula?"

"Ee, kaptula. Vipimo vimeletwa jana, wanaharakisha utadhani nyumba inaungua."

"Mama," Kipaza aliuliza taratibu, "hilo dude lina miguu?"

"Halina. Kiunoni linaishia kwenye feni."

Kiti cha Refa kiliacha kuzunguka.

"Sasa kaptula ni ya nini?"

Ukimya wa mama wa miaka yote, ule uliompatia wateja, ulikuwa umemfundisha na kutowaza.

"Mimi nashona," alisema. "Siulizi. Na tena vipimo vyenyewe vya hovyo, aliyepima nadhani alikuwa amelewa. Mguu wa kushoto mpana kuliko wa kulia. Nani ameumbwa hivyo? Nilikuwa nataka kuusawazisha."

Alitoa moja furushini, bado haijapindwa, ili waone. Mnara akarudi kutoka mlangoni. Aliichukua ile kaptula kwa mikono miwili, akaipima kiunoni mwake, akauangalia mguu wa kushoto. Halafu akakaa, na safari hii hata hakuangalia anakalia nini.

"Usiusawazishe," alisema.

"Kwa nini, mwanangu?"

Alipandisha suruali yake ya mguu wa kushoto, kidogo kidogo. Goti lilikuwa limefungwa bendeji nene, tabaka juu ya tabaka, mpaka limekuwa kama kichwa cha mtoto. Refa, aliyeona magoti ya kila aina maishani mwake, alishusha filimbi kutoka mdomoni.

"Tangu msimu uliopita," Mnara alisema. "Mama yangu ndiye anayefumua kaptula zangu usiku na kuongeza kitambaa upande huu, ili isionekane. Kocha hajui. Mwenyekiti hajui. Wakijua, sichezi. Nikikaa benchi mwezi mmoja hakuna timu itakayonigusa tena, wala hapa wala mlimani."

Kipaza alilitazama goti lile. Magoti yanalia kama bawaba! Alikuwa ameropoka tu, kwa utani, na kumbe aliropoka kweli tupu.

"Basi dude ni kisingizio tu, na aliyewapa Mwewe kipimo hiki anajua," alisema. Akili yake ilikuwa inakimbia sasa, haikumsubiri. "Anajua goti, na anajua upana wa bendeji. Na wao wanajua na bado wanakutaka. Mnara, nani mwingine anajua?"

"Mama yangu tu."

"Na mwingine?"

Mnara alimtazama kwa namna ambayo Kipaza hakuipenda, namna ya mtu anayekuja kwako na habari za msiba na hajui aanzie wapi. Aliijua vizuri sura ile. Alisoma vifo.

"Nani, kaka?"

"Anayenifunga bendeji. Kila asubuhi, kabla wenzangu hawajafika. Aliniapia hatamwambia mtu."

Refa ndiye aliyelimalizia, kwa sauti ya chini, bila utani hata chembe. "Goti kama hilo bila mkandaji wake ni hasara. Lakini ukimchukua senta na mkandaji wake pamoja, una misimu miwili mizuri. Binti, hawamtaki Mnara peke yake. Wamewachukua wote wawili."

Mama akashika futi yake kwa mikono yote miwili. "Mkwe wangu?"

Sweta la sufu likampita Kipaza mbele ya macho. Dogo, zito, limekunjwa vizuri. Na jambo jingine likafuata nyuma yake, jambo la juzi usiku alipokuwa anasinzia, sauti ya mumewe gizani ikiuliza kama swali la kupitisha muda: Mama watoto, hivi wewe ungeweza kukaa mahali penye baridi? Akamjibu baridi ya nini, yeye si samaki. Na yule bwana akacheka naye. Akacheka! Wiki nzima amemwacha mkewe aitwe mwongo mji mzima, ameketi meza moja naye anapuliza chai, na ukweli wote upo mfukoni mwake.

Hasira ilimjia na machozi yakaja nayo, na hakujua kipi kimetangulia.

Meneja hakuwa mtu wa machozi. Alikuwa ameshaelewa kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo ni kweli! Mnara anakwenda!" Alimnyanyua Refa kitini kwa kola, akamrudisha Kipaza, akamvika hedifoni mwenyewe. "Una chanzo! Una ushahidi! Kiti chako hiki hapa. Wimbo unaisha, sema!"

"Dada," Mnara alisema. Jitu lile lilikuwa limejikunja mpaka macho yao yakawa sawa. "Ukisema goti, mimi nimekwisha. Nakuomba."

"Na ukimtaja mumeo," mama yake alisema, "fikiria utakachowaambia watoto."

"Na usiposema," Refa akasema, na tuseme kweli, alisema kwa unyonge, "kiapo ulikula wewe mwenyewe, mbele ya watu wote."

Wimbo ukafa. Taa nyekundu ikawaka.

Kipaza akavuta kipaza sauti karibu. Upande ule wa pili mafundi walikuwa wametulia chini ya magari, muuza mboga ameegemea meza yake, mwanamke mzee ameshika kikombe kimoja hajui akifunge au akifungue. Wote walikuwa wanamsubiri yeye.

"Wasikilizaji," alisema. "Mnara amenitaka nimjibu. Nani ameniambia. Nami nitamjibu."

Nyuma ya kioo fundi mitambo alikuwa anapunga mikono yote miwili, uso umembadilika. Kulikuwa na simu. Kipaza alitikisa kichwa, hapana, si sasa. Lakini kidole cha fundi kilikuwa kimeshagusa kitufe, na sauti ikaingia hewani, tulivu, ya mtu anayejua kubembeleza misuli iliyokaza.

"Mama watoto," ilisema, mji mzima ukisikia, "usimtaje mtu. Weka hizo hedifoni chini utoke nje. Niko hapa getini pa redio na watoto. Wameshavaa masweta."